Mabakuli Matatu na Sentensi Iliyokosekana

Pishi ni utungo mfupi wenye masharti makali. Juu linaweka vipimo, chini namna ya kutayarisha, na katikati halina nafasi ya porojo; kila kitenzi ni amri kwa mtu aliyesimama mezani, mikono imelowa. Tumezoea kuhakiki shairi kwa vina na mizani, na riwaya kwa wahusika na mandhari, lakini pishi tunalipima kwa ulimi peke yake, kisha lawama ya chakula kilichoharibika tunamtwika mpishi. Mara nyingi mpishi ametii. Kosa limo ndani ya utungo, na anayetaka kuliona hana budi kusoma sentensi kwa sentensi.

Ninalolisoma hapa ni pishi la mboga zilizovikwa chenga za mkate na kupikwa kwenye kikaangio cha hewa, mashine ambayo wengi wetu tunaiita eafraya. Linazunguka kwa sura nyingi, ila mifupa yake ni ileile. Nimeiandika mifupa hiyo kwa maneno yangu:

Chambua koliflawa vipande vidogo, uoshe. Andaa mabakuli matatu: la kwanza unga wa ngano na chumvi, la pili mayai yaliyopigwa, la tatu chenga za mkate. Chovya kila kipande kwenye unga, kisha kwenye yai, kisha kwenye chenga. Washa kikaangio nyuzi 200. Panga vipande bila kugusana, upulizie mafuta kidogo. Pika kwa dakika 12, ukigeuza katikati, hadi viwe na rangi ya dhahabu.

Naanza na sentensi ya tatu, maana ndiyo iliyobeba uzuri wa pishi hili. Unga, kisha yai, kisha chenga: ukilitoa tabaka moja, mengine mawili yanakosa kazi. Uso wa koliflawa una unyevu. Yai likipakwa moja kwa moja linateleza na kukusanyika chini. Unga mkavu unaufyonza ule unyevu na kuacha uso wenye kukwaruza, yai likapata pa kushika. Yai nalo likikutana na moto, protini zake huanza kuganda kwenye nyuzi 60 na ushee, kabla maji hayajachemka, na kukishika kila kilicholigusa. Chenga zinakuja mwisho kwa kuwa zenyewe zimekwisha kuiva: ni mkate uliotoka tanuri, ukakaushwa, ukavunjwavunjwa. Hazidaiwi kuiva tena. Zinadaiwa kubaki kavu na kupata rangi. Huo ndio muwala ninaousifu, kila tabaka likiliandalia njia linalofuata, na hakuna hata moja linaloweza kubadilishana nafasi na jirani yake pasipo hasara.

Utaratibu wenyewe una umri mkubwa kuliko mashine. Wapishi wa Ufaransa wanauita mtindo wa Kiingereza; Vienna imejipatia jina kwa kuutumia juu ya nyama ya ndama; Wajapani waliuchukua mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakauongezea jambo lao, chenga za panko. Panko hutokana na mkate unaookwa kwa kupitisha umeme ndani ya kinyunya, hivyo mkate hautoki na gamba la kahawia, kisha unachanwa vipande vyembamba virefu badala ya kusagwa. Umbo hilo lina kazi. Vipande vinavyosimama ovyo vinaacha mianya, hewa inapita, mvuke unatoka. Chenga zilizosagwa laini zinashikana na kufanya ganda zito lisilopumua. Mwenye mkate wa slesi wa dukani auache ukauke, kisha aukwaruze kwa upande wenye matundu makubwa, blenda aiache kabatini. Mapishi mengi yanaandika tu chenga za mkate na kupita, kana kwamba umbo la chenga ni hiari ya mnunuzi.

Ufa unaanza kwenye sentensi ya kwanza. Chambua, uoshe, nukta. Baada ya hapo mabakuli. Kati ya kuosha na bakuli la unga kuna kazi ambayo haikuandikwa, nayo ndiyo inayoamua kama ganda litavunjika menoni kwa mlio au litanyong'onyea: kukausha. Karibu asilimia 92 ya uzito wa koliflawa ni maji, bilinganya vilevile, zukini hata 95. Hayo ni ya ndani. Yale ya bomba yanajificha kwenye vichipukizi, yanaushukia unga na kuufanya uji. Wanga wa ngano huvimba na kunata kuanzia nyuzi 60 hivi, kwa hiyo uji ule, moto ukishaupata, unageuka ute kati ya mboga na vazi lake, na vazi lote linavuka kwa pigo la kwanza la uma.

Katika pishi la karai, ukimya huo ulisameheka. Kipande chenye maji kikitumbukia kwenye mafuta ya nyuzi 180, mafuta yanaruka na kumchoma mpishi mkononi; baada ya hapo hakuna haja ya sentensi, mtu anakausha mwenyewe. Onyo lilikuwa ndani ya chombo, na mwandishi aliweza kulinyamazia. Kikaangio cha hewa hakimrukii mtu. Kinapokea kipande kilicholowa kwa utulivu uleule kinachopokea kikavu, na adhabu inakuja mezani. Aliyenakili pishi la zamani na kubadilisha chombo amebeba ukimya uliokuwa na mlinzi, akauweka mahali ambapo mlinzi hayupo. Sentensi inayokosekana ni fupi: pangusa vipande kwa taulo safi, vitandaze kwenye sinia vipate upepo mpaka viwe vikavu kwa kuvigusa.

Chumvi nayo imewekwa pabaya. Kazi yake mojawapo ni kuvuta maji, na ikiwa ndani ya unga inayavuta yakiwa tayari chini ya ganda. Kwa bilinganya na zukini itangulie kabla ya yote: nyunyizia, acha nusu saa, kamua, pangusa. Kwa koliflawa itiwe kidogo kwenye chenga, na nyingine ingoje chakula kitoke.

Sasa sentensi ya tano, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike kuhusu pishi hili. Upulizie mafuta kidogo. Kidogo kiasi gani, na kwa nini yaje wakati huu? Jibu liko ndani ya mashine. Philips waliizindua mjini Berlin mwaka 2010, kutokana na kazi ya mvumbuzi Mholanzi Fred van der Weij, na undani wake tangu hapo haujabadilika sana: koili ya moto juu, feni inayosukuma hewa kwa kasi, kikapu chenye matundu ili hewa ifike chini. Ni tanuri dogo lenye upepo mkali. Mafuta ya karai yalikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kuubeba moto hadi kwenye chakula na kujaza kila mwanya wa ganda. Hewa inachukua kazi ya kwanza, tena kwa udhaifu, kwani hewa ya nyuzi 200 huupitisha moto polepole kuliko mafuta ya nyuzi 180. Kazi ya pili imebaki bila mwenyewe. Chenga zilizopata tone zinageuka kahawia. Zilizokosa zinabaki nyeupe, kavu kama zilivyoingia, zinamkwama mlaji kooni. Yale mabakabaka tunayoyaona kwenye sahani ni ramani ya mahali pumzi ya chupa ilipofika.

Tiba ya hili ni ya muundo. Mafuta yahame kutoka sentensi ya tano hadi ya pili. Kwa kikombe 1 cha chenga, vijiko 2 vya supu vya mafuta. Yachanganywe kwa vidole, kisha chenga zigeuzwegeuzwe kwenye kikaango juu ya moto mdogo hadi zianze kubadilika rangi, zipoe, ndipo ziingie bakuli la tatu. Kila chenga itakuwa na mafuta yake na nusu ya rangi yake kabla haijaiona mashine. Mpishi wa Kifaransa wa shule ya zamani hutia mafuta kidogo ndani ya yai pia, na hilo linanithibitishia kwamba wale waliouheshimu utaratibu huu waliyahesabu mafuta kuwa tabaka mojawapo. Pishi la leo, kwa kutaka kutuonyesha jinsi mafuta yalivyo machache, limeyasukuma hadi ukingoni, yakawa pambo la mwisho. Uchache wake siupingi hata kidogo. Vijiko viwili vya supu mbele ya lita nzima ya karai ni nafuu ya kweli kwa moyo na kwa mfuko. Ninachopinga ni mahali yalipowekwa.

Katika sentensi hiyohiyo ya tano kuna maneno mawili yanayostahili heshima: bila kugusana. Hapo pekee ndipo mwandishi ameiandika hewa. Mvuke wa mboga lazima upate njia. Vipande vikilaliana vinapikana kwa mvuke, kama nguo zilizorundikwa juu ya kamba moja siku ya kaskazi: upepo upo, na katikati bado maji. Lakini mwandishi hakuifuata hoja yake hadi mwisho. Koliflawa moja kubwa haienei kwenye kikapu cha lita 4 bila kugusana. Itadai awamu mbili, pengine tatu, wakati sentensi ya sita inasema dakika 12 kana kwamba chakula chote kiliingia pamoja. Anayefuturisha watu sita anaijua hesabu hiyo: awamu ya tatu ikiingia, ya kwanza imekwisha kulegea. Pishi lingeweza kumwambia kwamba awamu zote zikimalizika vipande vyote virudi pamoja kwa dakika 2, hata vikigusana, kwa sababu maji mengi yamekwisha kutoka. Umeme wake si wa kutisha; mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi nusu saa mfululizo haivuki robo tatu ya uniti.

Sentensi ya mwisho inamwamuru mpishi aitii saa, kisha inamwamuru alitii jicho. Vikipingana, kipi kikubwa? Rangi ya dhahabu hutokana kwa sehemu kubwa na mwingiliano wa protini na sukari ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, nao unashika kasi joto la uso linapopita nyuzi 140 hivi. Uso wenye maji haufiki huko. Unakwama karibu na nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Kwa hiyo dakika 12 za koliflawa iliyokaushwa hazilingani na dakika 12 za iliyolowa, na saa haina namna ya kujua. Mapishi ya pwani tangu zamani yanapenda kupima kwa dalili: mpaka kitunguu kigeuke rangi, mpaka mafuta yapande juu. Dalili hizo ni sahihi kuliko tarakimu, kwani zinakipima chakula chenyewe. Karai lilikuwa na dalili moja zaidi, ya sikio, maana povu likitulia mtu anajua maji yamepungua. Kwenye mashine droo imefungwa na feni inavuma, sikio halina kazi. Jicho ndilo lililobaki, na hata hilo ni mpaka droo ivutwe. Ningeitanguliza rangi mwanzoni mwa sentensi, dakika zifuate zikiwa makadirio, na ningemtaka msomaji avute droo kuanzia dakika ya nane.

Kuna mapishi yanayofungua kwa maneno mboga yoyote upendayo. Hapana. Karoti itabaki mbichi ndani ilhali ganda limekwisha kuungua, basi ichemshwe kidogo kwanza na kukaushwa. Bamia ivikwe nzima, maana ikikatwa ute wake unaubomoa unga kutoka ndani.

Nasi tunayo fani jirani ya pishi hili, katlesi. Katlesi za viazi za Zanzibar na Mombasa mara nyingi huchovywa kwenye yai mwishoni kabisa na kuingia mafutani hapohapo, yai likachanua pembeni kuwa kimia cha dhahabu. Mpangilio huo unatangaza wazi umetungiwa moto gani: yai lililo nje linahitaji kugandishwa papo hapo, na mafuta ndiyo yanayoliweza hilo. Kwenye kikapu chenye matundu, yai lilelile litatiririka kabla halijaganda. Ukigeuza mpangilio, yai likatangulia na chenga zilizokwisha kukaangwa zikafuata, katlesi inaikubali mashine vizuri.

Bajia na viazi vya karai hazigeuziki hivyo. Rojo ndiyo bajia. Hakuna tabaka la kuhamisha. Nimesoma mapishi yanayofuta kitenzi kaanga, yakaandika mahali pake pika kwenye kikaangio nyuzi 200, na sentensi nyingine zote zikaachwa kama zilivyokuwa, hata ile inayoagiza rojo liwe jepesi la kutiririka. Msomaji anayetii anakuta unga wa dengu umedondokea chini ya kikapu na viazi vimebaki na viraka. Rojo jepesi lilitungwa likijua litapokewa pande zote kwa mkupuo mmoja na mafuta mengi yenye moto wa kutosha, yanayoligandisha kabla halijapata nafasi ya kushuka. Bajia ibaki kwenye karai.