Pongezi kwa Wapimaji wa Maji Yasiyoonekana

Hongereni, wataalamu wa maji chini ya ardhi wa Bonde la Kati. Ofisi yenu iko Singida, mji wenye maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, lakini mabomba yake hutegemea visima virefu kama vya Mwankoko.

Mwamba ndio unaowapa taabu. Ndani ya itale maji hukaa kwenye nyufa na katika tabaka lililomong'onyoka juu yake. Kisima kimoja hububujika, cha jirani kikawa kikavu. Mjenzi wa modeli ya maji hayo kwenye kompyuta huigawa ardhi katika miraba, akaupa kila mraba kiasi cha mvua inayozama na wepesi wa maji kupita. Kisha huja kazi ninayoiheshimu kuliko zote: kulinganisha kina cha maji kilichokokotolewa na kile kilichopimwa kisimani, kurekebisha, kukokotoa tena. Na hata vikilingana, bado kuna mtego. Ukizidisha mvua na wepesi kwa pamoja, kina chaweza kubaki kilekile, na modeli ikaahidi maji yasiyokuwepo.

Kwa hiyo shukrani zangu za kwanza ni kwa anayeshusha kipimo kisimani mwezi baada ya mwezi. Kule Makutupora, Dodoma, kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 zilionyesha kwamba maji hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Vipimo vya miaka mitano visingeliona hilo.