Mzee Akisimama Kukujibu: Ubongo Umezidiwa, au Ni Adabu?

Ukianza kusoma habari za wazee na kuanguka, hupiti mbali kabla ya kukutana na utafiti mmoja mfupi wa Sweden. Ulitoka mwaka 1997 katika jarida la The Lancet, na waandishi wake ni Lillemor Lundin-Olsson, Lars Nyberg na Yngve Gustafson. Walitembea na wakazi 58 wa makazi ya wazee, kisha wakawaanzishia mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Ndani ya miezi 6, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameanguka.

Utafiti huu unapendwa kwa sababu hauhitaji mashine, na wazo lake lina mashiko. Kijana hatembei kwa kufikiria, miguu inajiendea. Umri ukisogea, nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huchakaa, hasa kama presha imeumiza mishipa midogo ya damu kwa miaka mingi. Ujumbe kutoka machoni, masikioni na nyayoni unachelewa. Basi sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuamua, inalazimika kusimamia kila hatua. Ukimuuliza mzee swali hapo, unamwita msimamizi aache kazi.

Mpaka hapo sawa. Shida ya kwanza iko kwenye hesabu. Walioanguka wote walikuwa 21. Maana yake 11 waliongea huku wanatembea, wakafaulu kipimo, na bado wakaanguka. Kipimo kinachowakosa zaidi ya nusu ya walioanguka hakiwezi kumwambia mtu kwamba yuko salama.

Shida ya pili utaiona ukikileta kipimo hiki Kilolo. Huku salamu hairushwi kama jiwe. "Kamwene" ikishatoka, unafuata mwenzio kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za shamba, na watu wamesimama. Kumjibu mtu huku unaendelea na safari ni dharau. Sasa bibi wa Dabaga akisimama kukujibu, umepima ubongo au malezi? Kwa kipimo hiki, mwenye adabu na aliyezidiwa wanapata alama ileile.

Halafu kuna njia zenyewe. Sakafu ya makazi ya wazee si mteremko wa udongo wakati wa mvua. Na mvua hizohizo ndizo msimu wa kugema ulanzi, na pombe huivuruga serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayolinda mizani ya mwili. Ongeza mzigo wa kuni kichwani: mzee huyo tayari anafanya kazi mbili kabla hujamsemesha.

Je, tukitupe? Hapana, tukishone upya. Mwache mzee atembee umbali mfupi akiwa kimya, kisha arudie umbali uleule huku akitaja majina ya mazao, halafu linganisha muda. Hapo salamu haiingilii. Kukata kipimo kulingana na watu si jambo geni Tanzania: kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo cha IDEA cha kutambua upungufu wa akili uzeeni, kikiwafaa hata wasiojua kusoma. Humo mzee anapanga njiti za kiberiti.

Kwa hiyo utafiti wa 1997 ni mzuri kama swali, ila haufai kuwa hukumu. Na swali lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na walio wengi katika vifo hivyo ni wazee. Huku kwetu mzee akianguka tunasema "ni uzee tu", yanaishia hapo. Uzee haurudi nyuma, lakini presha inapimika na kutibika. Ukimpeleka babu zahanati, mwulize ameanguka mara ngapi mwaka huu, na mhudumu asikie jibu.