Namna ya Kuipima Ramani ya Takwimu za Kata

Jiji la Arusha lilipoanza, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kuyatoa madaftari yake ya kodi ya majengo makabatini na kuyatia katika ramani ya kompyuta, na picha zilizopigwa na setilaiti zikatandazwa chini ya hesabu za makarani, yalipatikana majengo 102,904 mahali ambapo daftari la zamani lilikiri majengo yapatayo 23,000 tu. Mapaa hayo hayakuota kwa usiku mmoja. Yalikuwako, yakikaliwa na watu na kunyeshewa na mvua za Meru, ila hapakuwa na jicho rasmi lililopata sababu ya kuyaona. Mwenye kutaka kupambanua ramani njema na ramani duni miongoni mwa zile ambazo halmashauri na taasisi za umma huzitandaza katika intaneti, ili mwananchi aguse kata yake na kuona idadi ya watu, shule, visima na maradhi yake, hana budi kuanza na kisa hiki, kwa kuwa kinafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ramani yaweza kuliumbua daftari, na kwamba kila ramani huona kile alichokuwa na haja nacho yule aliyeiagiza. Ile iliagizwa kwa ajili ya kodi, nayo ikaona mapaa. Haikuulizwa chini yake wanalala watoto wangapi.

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuwa ramani iliyokamilika ina jina, fremu, ufunguo, dira na kipimio. Mafundisho hayo yanatosha kwa ramani ya milima na mito. Ramani ya takwimu hubeba juu ya ardhi mzigo wa hesabu, na hesabu ina wazazi wake. Basi mjuzi, kabla hajaziangalia rangi, huteremsha macho hadi maandishi madogo yaliyo chini au pembeni, akitafuta nani alihesabu, tarehe gani, alihesabu nini hasa, na idadi iliyopatikana iligawanywa kwa nini kabla ya kupakwa rangi. Ramani isiyokuwa na maandishi hayo yafaa kufungwa palepale, iwe na madaha kiasi gani. Na madaha ndicho kitu rahisi kupatikana siku hizi, maana programu za kuchorea huja na rangi zake tayari.

Tuitazame sensa ya mwaka 2022, ambayo ndiyo chimbuko la ramani nyingi za namna hii katika Tanzania. Ilikuwa ya sita tangu Muungano na ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, ilifuatana na sensa ya majengo, tena ilitanguliwa na operesheni ya anwani za makazi iliyozipa barabara majina na nyumba namba. Na hesabu ilipotangazwa, nchi ilikuwa na watu 61,741,120. Kwa upande wa vyombo na utaratibu, hapana sensa ya kabla yake iliyoifikia. Hata hivyo, kanuni yake ilikuwa kumwandika kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti, na mwenyeji wa Sekei, kata mojawapo ya Jiji la Arusha, anaweza kutambua mara moja kanuni hiyo ina maana gani katika kata kama yake. Agosti ni kilele cha msimu wa watalii. Hoteli kubwa kama Mount Meru, pamoja na nyumba za wageni za upande huu wa jiji, hupokea watu ambao kesho yake wamo njiani kwenda Ngorongoro na Serengeti, na madereva na wapagazi waliozaliwa Sekei huwa wakati huohuo wamelala kambini porini, wakiandikwa huko. Hapo hapana kosa la karani wala hila ya mtu yeyote. Nchi nyingi huhesabu hivyo, na kwa sababu njema, maana kumwuliza mtu alilala wapi ni rahisi kuliko kumwuliza kwao ni wapi. Kosa ni la mchoraji anayeandika "wakazi" mahali palipostahili neno refu zaidi na la kweli zaidi.

Maradhi yana mtego unaofanana na huo, tena mbaya kuliko huo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, ile iitwayo Mount Meru, iliyo jirani na jumba la mikutano la AICC, huwapokea wagonjwa kutoka wilaya zote za mkoa, na mtoto anayezaliwa pale aweza kuwa amebebwa tumboni kutoka Longido au Karatu. Iwapo mchoraji atachukua hesabu za vitabu vya hospitali na kuzibandika katika kata ambamo hospitali imesimama, kata hiyo itageuka ghafula kuwa makao ya uzazi na homa, ilhali vijiji vilivyo mbali na daktari vitang'aa weupe kana kwamba afya imehamia huko. Kila mara uonapo ramani ya magonjwa ambayo sehemu iliyokolea rangi ndiyo yenye hospitali kubwa, na sehemu iliyo nyeupe ndiyo isiyokuwa hata na zahanati, amini kuwa unatazama ramani ya majengo ya tiba iliyovikwa jina la maradhi.

Halafu kuna swali la kigawanyo, ambalo wachoraji wengi hulipuuza na wasomaji wengi hawalijui. Kata kubwa ina wagonjwa wengi kwa kuwa ina watu wengi. Habari hiyo haistahili ramani. Kinachostahili ni wangapi katika kila elfu, na hapo ndipo tarehe ya kigawanyo inapokuwa jambo zito. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 iliwakuta 617,631. Mchoraji aliyegawanya wagonjwa wa mwaka 2022 kwa watu wa mwaka 2012, kwa kuwa jedwali la zamani ndilo lililokuwa karibu na mkono wake, ataonyesha ugonjwa uliozidi kwa karibu nusu, na diwani mwenye bidii atalipigia kelele janga lililozaliwa katika mgawanyo. Zaidi ya hayo, jiji hili hivi leo lina kata 25, na baadhi yake zilizaliwa kwa kuzigawa kata za zamani. Kwa hiyo ramani inayolinganisha mwaka mmoja na mwingine pasipo kueleza ilifanyaje na mipaka iliyohama, inalinganisha mzee na mjukuu kwa kuwa wanaitwa jina moja.

Mipaka, kwa hakika, ndiyo sehemu ya sanaa hii ninayoipenda kuliko zote, maana hapo ndipo ustadi hujificha. Apandaye kutoka njia panda ya Sanawari kuelekea Ilboru hutoka katika Halmashauri ya Jiji na kuingia katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha pasipo kuona lango wala bango linalolingana na uzito wa tendo hilo. Migomba ni ileile, maji hutelemka kutoka mlima uleule, mama anayeuza mboga upande mmoja husomesha mtoto upande wa pili. Lakini fungua ramani ya halmashauri yoyote kati ya hizo mbili, na aghalabu utaona rangi imekatwa kwa kisu, na nje ya mstari pamekuwa kijivu kitupu kana kwamba dunia imekoma. Yaelekea sababu ni ya kiofisi, kwa kuwa kila halmashauri ina takwimu zake na mkurugenzi wake. Walakini mchoraji mwenye fikira ataomba hesabu za jirani, au kwa uchache ataziweka barabara, mito na shule za jirani zionekane chini ya ule ukijivu, ili mtu wa Sekei aelewe kwamba shule iliyo karibu naye yaweza kuwa ya upande wa pili, na kwamba msongamano wa madarasa yake hauelezeki kwa watoto wa kata yake peke yao. Nikiona ramani iliyovuka mpaka wake kwa hiari, huisamehe dosari nyingine nyingi.

Juu ya rangi nitasema kidogo. Rangi moja inayokolea taratibu yatosha kwa jambo linalokwenda kutoka kidogo hadi kingi. Nyekundu na kijani zikitumiwa pamoja humnyima haki asiyeweza kuzitenganisha, na watu hao si haba. Lililo kubwa ni mahali rangi inapogeuka. Hapa mlima wenyewe unatupa mfano, kwa kuwa maji ya miteremko ya Meru, yakipita katika miamba ya volkeno, hubeba floraidi, na meno ya kahawia ya watu wa Arusha yametangaza habari hiyo kabla ya maabara yoyote. Kwa miaka mingi kiwango cha taifa kiliruhusu miligramu 4 kwa lita, kabla hakijashushwa hadi 1.5, ambacho ndicho kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Basi chemchemi yenye miligramu 3 ingepakwa rangi ya salama katika ramani ya zamani na rangi ya hatari katika ramani mpya, na tone moja la maji halikubadilika. Ufunguo mwema husema rangi ilikatwa wapi na ni nani aliyeamua ikatwe hapo. Ufunguo mbovu huandika "nzuri", "wastani" na "mbaya", ukaacha mtu anywe maneno.

Na kwa kuwa tumeyataja maji, tuitaje ramani ya vituo vya maji ambayo Wizara ya Maji iliitengeneza kwa vijiji vya Tanzania Bara mwanzoni mwa mwongo uliopita, ikavitembelea visima na magati kwa maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikaandikwa mahali kilipo na kama kinatoa maji au hakitoi. Ilikuwa kazi adhimu. Lakini bomba huharibika kwa siku moja na hufufuka kwa siku nyingine, na alama ya kisima kizima hubaki katika ramani mpaka mtu aende tena kukitazama. Kwa hiyo vitu vinavyodumu, kama shule na barabara, vyaweza kusubiri mwaka, kisima hakisubiri. Mchoraji hodari huweka tarehe juu ya kila alama, wala hatosheki na tarehe moja ya ramani nzima, na alama iliyokaa muda mrefu bila kutembelewa huiacha ififie, ili jicho lenyewe litie shaka.

Kuna pia adabu ya kunyamaza. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 imekataza kufichua habari za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu, lakini kuficha jina hakutoshi pale hesabu inaposhuka hadi mtaa. Ukigusa mtaa mdogo ukaambiwa kuwa una wagonjwa wawili wa maradhi yenye kuaibisha, majirani watawajua kabla ya jua kuchwa. Kwa hesabu ndogo namna hiyo ramani yenye heshima hukataa kujibu, na hueleza kwa nini imekataa. Yule anayeisifu ramani kwa kuwa inaingia hadi kila nyumba hajafikiri nyumba hiyo ingekuwa yake.

Kuhusu matumizi, jaribio ni fupi. Ifungue kwa simu ya bei rahisi, kwa bando la kawaida, ukiwa umesimama katika mwanga wa jua kando ya barabara. Kama imekula nusu ya bando kabla ya kuonyesha jina la kata, imechorwa kwa ajili ya ukumbi wa mikutano. Kama maneno yake ni ya Kiingereza kitupu, mwenyekiti wa mtaa hakukusudiwa. Na kama haikuruhusu kuchukua jedwali la tarakimu zilizo nyuma ya rangi, ili mwalimu au mwandishi wa habari azijumlishe mwenyewe, basi inataka kuaminiwa pasipo kuulizwa.

Hapa ndipo nafikia kipimo ambacho kwangu kinapita vyote: ramani inampa mwananchi nafasi gani ya kuipinga? Swali hili halikuwa jepesi katika nchi yetu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kusambaza habari zenye kupotosha takwimu rasmi au kuzitia dosari, na mwaka 2019 masharti hayo yakalegezwa. Hesabu ya serikali inayokinzwa na raia kwa hoja hupata nguvu kwa kukinzwa, na ramani inafaa kwa jambo hili kuliko jedwali, kwa kuwa mtu asiyeweza kubishana na asilimia anaweza kabisa kubishana na nukta: gati hilo halipo hapo, liko nyuma ya kanisa, na lilikauka tangu masika.

Walioelewa jambo hili mapema walikuwa wa Ramani Huria, kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu kuichora mitaa iliyokuwa ikifurikwa na maji. Walizitumia picha za angani na programu, lakini pia walizichapa ramani katika karatasi kubwa, wakazipeleka katika kata, wakawapa wenyeji kalamu ili wachore wenyewe maji yalifika wapi. Baadaye wakawafuata wajumbe wa mashina, wale ambao kila mmoja huzijua nyumba zake kwa majina ya wenye nyumba, wakatembea nao kuifuata mipaka ambayo hapana ofisi iliyokuwa imeichora. Ukiifungua ramani ya kata yako, tafuta alama ya kazi ya namna hiyo: kitufe cha kuripoti kosa, jina la ofisi inayoyapokea masahihisho, na orodha ya masahihisho yaliyokwisha kukubaliwa pamoja na tarehe zake. Kisha chagua kitu kimoja unachokijua vizuri kuliko karani yeyote, kikague, na ukikikuta kimekosewa peleka sahihisho, uangalie ni muda gani utapita kabla nukta haijahama.