Mbili kwa mbili: juu ya mashindano ya Buenos Aires ya mwaka wa 1939

Watu wanaosimulia mashindano ya sataranji yaliyofanyika Buenos Aires, katika inchi ya Argentina, mwaka wa 1939, hupenda kuyasifu kwa neno moja: ati vita ilipowaka Ulaya, wachezaji waliendelea kuketi pamoja, na hivi mchezo ukashinda bunduki. Neno hilo ni tamu, na wengine hulirudia mbele ya vijana kama mfano. Sisi tunalipinga. Si kwa kupenda ubishi, bali kwa sababu karatasi ya matokeo ya mashindano yale yale inasema mambo mengine. Karatasi ile ni maandiko kama maandiko yoyote. Inapashwa kusomwa vizuri na kuhukumiwa.

Kwa wale wasioujua mchezo wenyewe, tuseme kidogo. Huku Nyabiondo, kando ya barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale, utaona watu wakicheza dame kwa vizibo vya chupa. Sataranji huchezwa pia juu ya ubao wa vyumba vyeupe na vyeusi, 64 kwa hesabu, lakini kete zake hazifanani: kuna mfalme, bibi yake, farasi, minara, na askari wadogo wanaotangulia kufa. Anayeshinda ni yule anayemfunga mfalme wa mwenziwe hata asipate njia ya kukimbia. Kete moja Waingereza huiita askofu, na Wafaransa huiita kichaa. Wafratri watacheka, tuendelee.

Mashindano yale yalikuwa ya nane ya aina yake, na yalikusanya ekipe za inchi 27. Wachezaji wengi wa Ulaya walisafiri pamoja katika meli moja ya Wabelgiji, jina lake Piriápolis, iliyotoka bandari ya Antwerpen mwisho wa mwezi wa saba. Ndani ya meli ile walikula pamoja Wajerumani, Wapolandi, Wafaransa, Wacheki na Wayahudi waliotoka Palestina. Walipofika walianza kucheza katika makundi madogo. Kundi la mwisho, la ekipe kumi na sita zilizopita zingine, lilikuwa linaanza tu wakati Hitler alipoingiza majeshi yake Polandi, tarehe 1 mwezi wa tisa. Siku mbili nyuma yake Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita.

Waingereza wakajitoa. Wawili wao, Alexander na Milner-Barry, baadaye walifanya kazi Bletchley Park, mahali ambapo barua za siri za jeshi la Ujerumani zilifumbuliwa. Ekipe kumi na tano zikabaki, na wakubwa wa mashindano wakaona shida: je, Mjerumani atampa Mpolandi mkono namna gani, na huku Warszawa inapigwa mabomu? Wakapatana hivi: mapambano sita yasichezwe kabisa, na kila moja liandikwe mbili kwa mbili, kana kwamba watu wanne wa huku na wanne wa kule walicheza wakatoka sawa kwa sawa.

Hapa ndipo msomaji anapashwa kupunguza mwendo. Mapambano sita yale yalikuwa haya: Ujerumani na Polandi, Ujerumani na Ufaransa, Ujerumani na Palestina, Bohemia na Polandi, Bohemia na Ufaransa, na la sita Argentina na Palestina. Hili la sita ni la ajabu, maana inchi hizo mbili hazikuwa na ugomvi wowote wa vita. Lakini tazameni zaidi hiyo Bohemia. Ni Wacheki, ambao inchi yao ilikuwa imemezwa na Hitler mwezi wa tatu wa mwaka ule ule, wakaletwa Buenos Aires kwa jina la Bohemia na Moravia, inchi iliyo chini ya «ulinzi» wa Ujerumani. Kwa mapatano yale, Mcheki hakuruhusiwa kucheza na Mpolandi, ndugu yake katika msiba, kwa sababu kwenye karatasi yeye alihesabiwa upande wa Wajerumani. Na pambano la Wacheki na Wajerumani wenyewe je? Hilo halimo katika yale sita. Lilichezwa! Yule aliyenyang'anywa nyumba aliketi mbele ya ekipe ya mnyang'anyi, na hakuna aliyeona neno la kuona haya.

Basi mtu asituambie kwamba karatasi ile iliinuka juu ya vita. Iliitii vita. Ilikubali mpaka ambao majeshi yaliuchora, pamoja na uwongo wake, ikaupaka rangi ya adabu.

Tuingie sasa katika hesabu, kwa sababu hapo uzuri na ubaya vimechanganyika. Mwishoni, tarehe 19 mwezi wa tisa, Ujerumani ilipata pointi 36, Polandi 35 na nusu, Estonia 33 na nusu. Nusu pointi tu! Msomaji mwenye moyo wa haraka atasema: Wapolandi wameibiwa. Lakini tuwe wa haki. Ujerumani ilipewa pointi sita pasipo kucheza, Polandi ilipewa nne. Ukiziondoa, Ujerumani ilipata kwa jasho pointi 30 katika michezo 44, na Polandi 31 na nusu katika michezo 48. Kwa kila mchezo uliochezwa kweli, Wajerumani walifanya vizuri zaidi kidogo. Kwa hiyo hatuwezi kusema Polandi ingeshinda. Hatuwezi kusema Ujerumani ingeshinda pia. Pambano lile moja, ambalo lingetuambia, ndilo halikuchezwa, na mahali pake pameandikwa namba inayofanana na jibu. Mimi ningeacha vyumba vile vitupu. Chumba kitupu kinamwambia msomaji wa kesho: hapa palikuwa na jambo, uliza.

Wengine watajibu: wewe unadai mengi, wenyeji wangefanya nini? Wangewafukuza wageni wao warudi baharini na huku vita imewaka? Hapo ninakubali. Mapatano yale yaliwapa watu siku kumi na tisa za kula na kulala na kufikiri, na siku zile ziliokoa maisha ya wengi. Kuendelea hakukuwa kosa. Kosa ni kuziita siku zile amani. Sisi wa Masisi tunajua tofauti hiyo pasipo kusoma kitabu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2004 Nyabiondo ilishambuliwa na raia wengi wakauawa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2008 vikundi vya silaha vilikusanyika Goma vikatia sahihi, na watu wakaimba. Mbele ya mwaka kwisha, bunduki zilikuwa zimelia tena. Sahihi zilikuwa nzuri. Maneno yaliyowagombanisha watu yalikuwa hayajaguswa. Ni mbili kwa mbili.

Kuna kitabu kidogo kilichochapwa kwanza katika mji ule ule wa Buenos Aires, mwaka wa 1942: Schachnovelle, cha Stefan Zweig, Mwaustria aliyekimbia Hitler akajiua Brazili mwanzoni mwa mwaka huo. Hadithi yake inafanyika ndani ya meli inayotoka New York kwenda Buenos Aires. Mtu mmoja aliyefungwa peke yake na polisi ya Hitler amejifunza sataranji katika kitabu alichokiiba, akacheza dhidi ya nafsi yake, mweupe na mweusi kwa kichwa kimoja, hata akapotewa na akili. Wengi hukisoma kama onyo juu ya mchezo. Ninadhani wamekosa shabaha. Ugonjwa wa yule mfungwa haukutoka katika mchezo, bali katika kukosa mwenzi wa mbele yake. Mkono mmoja ukiandika pande zote mbili, mchezo umekufa; na mkono ulioandika mbili kwa mbili mara sita ulikuwa mmoja.

Katika mashindano yale wakubwa wengine pia hawakukutana. Capablanca wa Kuba na Alekhine, aliyechezea Ufaransa, walikuwa maadui tangu 1927, mmoja alipomnyang'anya mwenziwe ubingwa wa dunia. Siku Kuba ilipokutana na Ufaransa, Capablanca hakuketi mezani. Lakini hiyo ilikuwa kiburi cha watu wawili, na haikuhitaji vita.

Wanawake nao walikuwa na mashindano yao ya ubingwa mjini humo, na Vera Menchik alishinda michezo 17 kati ya 19, miwili ikawa sawa kwa sawa. Wa pili alikuwa Sonja Graf, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekataa kuketi chini ya bendera ya Hitler, akacheza pasipo inchi. Kwa maoni yangu, katika Buenos Aires yote yeye peke yake aliandika neno la kweli kwenye karatasi. Menchik alirudi Uingereza, na mwaka wa 1944 bomu la Wajerumani lilimwua nyumbani mwake London.

Wengi hawakurudi. Miguel Najdorf, Mpolandi na Myahudi, alikuwa ameacha kwao mke, mtoto, wazazi na ndugu, wote waliuawa. Mwaka wa 1943, mjini Rosario, alicheza na watu 40 kwa mara moja pasipo kutazama ubao hata mmoja, na mwaka wa 1947, mjini São Paulo, akacheza na 45. Alieleza kwamba alitaka habari ipite magazetini hata ifike Polandi, labda mmoja wa jamaa yake asome jina lake. Hakuna aliyejibu.

Na wale Wajerumani watano walioshinda? Wote watano walibaki Amerika ya Kusini. Mkubwa wao, Erich Eliskases, kwa kuzaliwa Mwaustria, akakutana na Najdorf mara kwa mara katika mashindano ya Mar del Plata, mtu kwa mtu, pasipo bendera, na michezo ile ilichezwa mpaka mwisho. Mwaka wa 1952, Helsinki, wote wawili waliketi upande mmoja, katika ekipe ya Argentina. Wakawa wa pili.