Uzi wa Makwasinyi

Aliyezunguka Tsavo mpaka vumbi likamwingia masikioni huitumia siku ya mwisho kurudi Voi mapema, aoge, ale, angoje treni ya SGR. Mimi siku hiyo ningemshauri aimalizie Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, karibu na akina mama wanaosuka vikapu vya makonge. Hatahimizwa na mtu. Atapewa kigoda, kazi iendelee.

Wageni wengi husifu rangi na mapambo. Mimi huvutwa na uzi. Jani la konge huparuzwa kwa kisu juu ya ubao hadi nyama yote ya kijani itoke, zibaki nyuzi nyeupe, zioshwe na kuanikwa. Kisha mama hunyoosha mguu, akalaza mafungu mawili membamba juu ya paja na kuyasukuma kwa kiganja kuelekea gotini. Kila fungu linajisokota lenyewe. Kiganja kikirudi, yanashikamana na kuwa uzi mmoja. Msokoto wa kwenda huvutana na wa kurudi, ndiyo maana uzi haufumuki. Kabla mafungu hayajaisha huchomeka mengine, na pale yalipounganishwa hupaoni.

“Bibi, huu si uko sawa?” nilimuuliza mmoja wao, alipoanza kuufumua uzi ambao kwangu haukuwa na dosari. Akanishikisha. Palikuwa na kinundu kidogo kuliko punje ya mtama. Akausokota upya.

Konge lenyewe lilikuja ugenini: asili yake ni Mexico, likafika Tanga mwaka 1893, na leo mashamba yake yametanda Mwatate. Wakasigau nao wanazijua safari ndefu zisizo za matembezi. Mwaka 1915, Wajerumani walipouteka mlima, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui, wakawahamishia Malindi. Wengi walifia huko.

Kikapu huanzia kwenye kitako. Nyuzi za kusimama hufungwa katikati zikatawanyika pande zote, na mbili za kusukia huzizunguka zikipishana, moja mbele, nyingine nyuma. Duara likipanuka, nyuzi za kusimama huongezwa, na hapo ndipo penye ustadi wote. Ukichelewa kuongeza, kitako kinajikunja juu kama bakuli; ukizidisha, kinafanya mawimbi. Hakuna rula wala alama. Mama anasuka huku akijibu salamu za wapita njia na kumwelekeza mtoto aliko mbuzi.

Kwa kuwa kazi hii huingizwa kati ya shamba, kuni na maji, kikapu kimoja huchukua wiki kadhaa. Kumwomba msukaji apunguze bei naona ni aibu.

Nilichonunua, kwa bei aliyoitaja, nilikichagua kwa kitako chake. Nilikiweka juu ya meza kikiwa kitupu, nikakisukuma kwa kidole kila upande. Hakikuyumba.