Shuka Kwanza

Kwetu Tanga wali wa nazi hupaliwa makaa juu ya kifuniko, na ukiiva unakuwa na ukoko wa juu. Ukiugonga kwa upawa hutoa mlio mkavu, halafu upawa unatumbukia kwenye ulaini. Mlio huo huo niliusikia jioni moja chini ya sakafu ya gari, kando ya Ziwa Natron, nikiwa nimeshika usukani wa Land Cruiser mkonga lisilokuwa langu. Nilikuwa na miaka 24, leseni yangu haijamaliza mwaka, na mbele yangu heroe walikuwa wametanda majini kama kanga zilizoanikwa. Nilitaka kuwakaribia.

Mzee alikuwa kiti cha kushoto. Kampuni ilinikabidhi kwake nijifunze udereva wa watalii, na kwa siku nne alikuwa hajanifundisha chochote ambacho ningeweza kukiita somo. Alikaa tu, akatazama nje, akatafuna ubani. Mlio ule ulipotokea alisema maneno mawili: "Toa mguu."

Nikakanyaga mafuta.

Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa kelele, tope jeusi lenye harufu ya yai viza likaruka hadi kwenye vioo, na gari likashuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa mkekani, mpaka likakalia tumbo. Mzee akafungua mlango. Haukufunguka wote, ulikwama kwenye magadi. Akapenya, akavua viatu, akavitia chini ya kiti. "Sasa shuka," akaniambia. "Ulitakiwa ushukie kule." Akaonyesha nyuma, tulikoiacha njia. Asubuhi yake nilipima kwa miguu: hatua 140.

Nimeendesha porini miaka mingi tangu siku hiyo, na ninaupenda ufundi huu usio na jina rasmi. Fundi wa gereji analijua gari. Dereva wa lami anajua alama na trafiki. Dereva wa porini inambidi aujue udongo, na udongo haukai sawa wiki mbili. Cheti chake hakuna, na ukikutana na anayeujua hutamtambua kwa mavazi wala kwa maneno. Utamtambua kwa viatu vyake. Mara nyingi hajavivaa.

Nieleze kwanza kosa langu, maana ndilo kosa la kila anayeanza. Ngozi ya magadi ikipasuka, gari bado liko juu. Limezama nusu ya tairi, pengine chini ya hapo. Ukitoa mguu wakati huo, watu wanne wanaweza kulisukuma likarudi lilikotoka. Lakini difu ya kawaida ina tabia ya ajabu: hupeleka nguvu kule kwenye urahisi. Gurudumu lililoshika chini linasimama kabisa, na lile lisilo na pa kushika ndilo linalozunguka. Kwa hiyo kila unapokanyaga mafuta unalipa nguvu gurudumu linalochimba. Mzee alilieleza hilo kwa sentensi moja akiwa amechuchumaa mbele ya tairi: "Kaburi hili umechimba wewe, mimi nilikuwa nimekaa tu."

Halafu akaenda mbele ya gari, akashika kitovu cha gurudumu, akakigeuza kidogo kwa vidole, akacheka. Nilikuwa sijafunga habu. Land Cruiser za aina ile zina kidude katikati ya magurudumu ya mbele ambacho lazima ukizungushe kwa mkono ukiwa nje. Usipokizungusha, unaweza kuvuta wenzo wa fo-wili ndani mpaka uchoke, magurudumu ya mbele hayatapata nguvu hata kidogo. Magari ya siku hizi mengi hufanya kazi hiyo kwa kitufe, na watu wanayasifu kwa hilo. Mimi sina hakika. Gari lile lilikuwa limetengenezwa limlazimishe dereva ashuke kabla ya mahali pabaya, na mtu akishashuka kufunga habu, macho yanaangalia mbele yenyewe.

Usiku ule sitauremba. Jeki tuliyokuwa nayo ni ile ndefu ya matundu, ambayo Wakenya huiita jeki ya Tanganyika; askari wao akimwinua mtu kwa kiuno cha suruali mpaka akatembelea vidole, watu husema kapigwa tanganyika jeki. Jeki hiyo huinua chochote, mradi chini yake pawe pagumu. Kwetu ilikuwa inazama yenyewe huku gari likibaki palepale. Hatukuwa na kibao. Mzee akashusha tairi la akiba, akalilaza juu ya tope, akasimamisha jeki katikati ya rimu, na hapo kwa mara ya kwanza bampa likapanda. Sentimita chache. Chini ya gurudumu tukajaza mawe, ambayo ufukoni hayapo, kwa hiyo kila jiwe lilitembea zile hatua 140 kifuani kwangu. Maji ya Natron yana magadi makali, na kila mkwaruzo mkononi uliwaka kama umepakwa pilipili. Mbele yetu mlima Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, ulikuwa umesimama mweusi, na mimi nilikuwa nauchukia kama vile ndio ulionidanganya.

Asubuhi wakaja vijana wa Kimaasai na mbuzi. Wakatusalimia, wakazunguka gari, na mmoja wao, hata miaka 15 sidhani kama alikuwa nayo, akauliza kwa upole kabisa: "Kwani mzee, hamkuona ng'ombe hawapiti hapa?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Nyayo za ng'ombe na punda zilijaa kila upande wa njia, zikafika kwenye mstari fulani, zikakata kushoto zote. Baada ya mstari ule hapakuwa na unyayo hata mmoja, ila wa ndege. Nilikuwa nimeuvuka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa nikitafuta picha. Mzee aliuona, nilimuuliza baadaye. Mbona hukunizuia? "Ningekuzuia leo, kesho ungekwenda peke yako na wageni."

Tulitoka saa nne, vijana saba wakisukuma, gari likirudi kinyumenyume kwenye njia yake lenyewe, gia nzito, taratibu kuliko mtu anavyotembea.

Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia miguu. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule kando ya Ziwa Natron, hukatiza makorongo yanayoshuka kutoka nyanda za juu, na korongo ni kitu cha hila: mvua inaweza kunyesha huko mlimani, wewe ulipo jua linawaka, halafu maji yakakufikia bila wingu. Mzee kila alipofika kwenye maji alizima injini, akakunja suruali, akachukua fimbo, akaingia. Alivuka mpaka ng'ambo na kurudi kwa mstari mwingine, kwa sababu gari lina magurudumu pande mbili, na mahali pazuri kwa gurudumu la kulia panaweza kuwa shimo kwa la kushoto. Kina aliangalia, lakini si kwanza. Kwanza aliangalia chini pana nini, mchanga au kokoto au tope. Kisha akaangalia pa kutokea, maana wengi huingia mtoni vizuri wakashindwa ukingo. Maji ya magoti, twende. Maji ya mapaja, tunapika chai. Na vijiti vikianza kuelea pamoja na povu la rangi ya kahawa, tunarudisha gari nyuma kabla ya kuzungumza lolote.

Siku moja tulipika chai saa nne nzima. Gari jingine likatupita kwa honi, kijana wa rika langu, mkonga umesimama juu kama bendera. Ule mkonga huokoa injini, sikatai, kwa sababu hewa inaingilia juu. Lakini viungio vyake vikilegea hata mahali pamoja, hauna kazi, na una hasara moja kubwa: humfanya mtu ajione tembo. Katikati ya mto injini ikakohoa, ikazima. Mzee akasimama, akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele ambazo sikuwahi kuzisikia kwake: "Usiwashe! Usiwashe!" Kijana akawasha. Tukasikia "ko", sauti moja fupi, basi. Hewa ndani ya silinda hushindilika, maji hayashindiliki. Pistoni inapanda, inakutana na maji, na kinachopinda ni konrodi. Angeacha kuwasha, tungemvuta nje, tukafungua nozeli, maji yakatoka, pengine jioni hiyo angelala kwake. Aliondoka siku ya tatu juu ya lori.

Kwamba kufika kunashinda kasi, watu wa mashindano ya magari wanalijua kuliko sisi tunavyodhani. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika mwaka 1963 na tena 1968 mvua na tope viliacha magari saba tu yafike mwisho. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976. Mtu hukumbuka kasi yake. Mimi hukumbuka kwamba alikuwa na sifa ya kufika. Lakini shindano ninalolipenda zaidi ni Rhino Charge la Kenya, lililoanzishwa 1989 kuchangia uzio wa milima ya Aberdare. Pale magari hupewa saa 10 kutembelea vituo 13 kwenye pori lisilo na njia, na mshindi si wa kwanza kufika. Ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Na kila timu ina wakimbiaji. Watu wenye viatu vya raba wanaotangulia mbele ya gari kwenye miiba na mawe, wakitafuta pa kupita, wakipunga mkono. Gari la mamilioni linafuata mtu wa miguu. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimkumbuka Mzee na suruali yake iliyokunjwa.

Alikuwa na mengine madogomadogo. Kabla ya mchanga hushusha upepo kwa kijiti cha kiberiti, anakibana kwenye valvu na kusikiliza, macho yameelekea kwingine, mpaka tairi "litoe shavu," kama alivyosema. Geji alikuwa nayo. Aliitumia kuwaonyesha wageni. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimepinda kwa nje. Kilivunjwa na usukani wa Land Rover ya zamani, gurudumu lilipogonga jiwe na usukani ukarudi kwa nguvu ukakikuta kimekumbatia ndani. Kwa hiyo sisi sote aliotufundisha, mpaka leo, tunashika usukani porini vidole gumba viko nje, hata kwenye magari ya pawa yasiyohitaji tena. Na kamba ikivutwa, Mzee hamruhusu mtu kusimama karibu, hafungi kamba kwenye kile kidude cha mviringo cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika kinaruka kama risasi, na katikati ya kamba analaza shuka zito lililolowa, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuchapa. Alipenda mzaha huo: kabla ya kukwama shuka, baada ya kukwama shuka.

Kuna jambo moja linalonikera, na nitalisema hata kama litawaudhi wenzangu. Siku hizi mtu akikwama anapiga picha, anacheka, anaweka muziki, kana kwamba tope ni ushujaa. Kule Ndutu, kati ya Januari na Machi nyumbu wanapozaa, upande wa Ngorongoro kumekuwa na ruhusa ya kuacha njia; ukivuka ndani ya Hifadhi ya Serengeti huruhusiwi. Udongo wake mahali pengine ni mfinyanzi mweusi, unaovimba ukinywa maji na kuganda kwenye tairi mpaka meno yote yanajaa na tairi linakuwa laini kama chungu. Dereva mmoja akikwama pale, wa pili anakuja kumvuta na kuzama, wa tatu anapita pembeni na kufungua njia mpya, na jioni uwanda uliokuwa na nyasi una vidonda vitano. Nyasi zile ndizo zilizowaleta nyumbu. Kukwama si aibu, nimekwama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aibu ni kukwama mahali ambapo ungeweza kushuka na kuona.

Mzee amestaafu, anafuga kuku. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kumsalimia. Mtoto akakimbilia nyuma ya nyumba kulikokuwa na dimbwi, nikamwita arudi, Mzee akaninyamazisha kwa mkono. Mtoto akasimama ukingoni, akatafuta kijiti, akapima maji. "Huyu tayari," Mzee akasema, akarudi kwenye kuku wake.

Na wewe ukifika Engaresero ukaona alama za magurudumu zimeacha njia zikaelekea ziwani, usizifuate. Aliyezichora alirudi kwa miguu.