Tatu Zisizoonekana

Namba ilikuwa 3, nyeupe ndani ya kiduara chekundu, juu ya picha ya bahasha. Mwenye simu, mwalimu mstaafu, alikuwa amefungua kila barua pepe aliyoiona, akazima simu na kuiwasha, na namba haikubanduka. Meza ya kwanza ya mafundi wa simu pale Kariakoo walimwambia aizime tu kwenye mipangilio asiione tena. Akakataa. "Kama kuna mtu kaniandikia, nitajuaje?"

Mimi nilikuwa meza ya pili, nimeleta simu yangu iliyopasuka kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Barua hizi unazisomea kwenye simu tu, au na kwenye kompyuta?"

Nilisahau kioo changu. Wengi wetu tunaiona namba ile kama kitu kimoja, kumbe wahesabuji ni watatu: seva inayotunza barua, programu ya simu yenye nakala zake, na kile kiduara cha nje ambacho hakijui lolote ila kinachoambiwa. Mmoja akichelewa kupata habari, hesabu zinagombana. Kwa utaratibu wa IMAP, aliouanzisha Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, barua hubaki kwenye seva na kila moja hubandikwa alama zake, hivyo ukiisoma ofisini, simu nayo itaambiwa. (Alama yenyewe, kwa jina lake, ni "imeonwa", wala si "imesomwa". Naipenda sana tofauti hiyo.) Kwa utaratibu mwingine, POP, hakuna alama ya pamoja: kila chombo kinahesabu kivyake, na pengine barua imeshahamia simuni moja kwa moja, kwenye seva haipo tena. Fundi asiyeuliza swali lile anaweza kuiondoa akaunti ili airudishe upya, akateketeza barua za miaka bila kujua.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kidogo, nami bado nakiona. Alichukua barua ambayo mzee alishaisoma, akairudisha kuwa haijasomwa. Namba ikawa 4. Akaifungua, ikarudi 3.

"Inahesabu sawasawa," akasema. "Basi hizo tatu zipo."

Huo ndio ufundi ninaousifu. Kabla ya kuituhumu namba aliipima kama muuza nafaka anavyopima mizani kwa jiwe analolijua uzito wake. Ilipofaulu, akaichukulia kuwa shahidi na kuanza kutafuta inachokishuhudia.

Zipo namba za uongo kweli, naye anazijua. Programu inaweza kung'ang'ania nakala ya barua iliyokwisha kufutwa kwenye seva. Upo pia mtego wa siku nyingi katika IMAP: folda ikifunguliwa, seva iliweza kutaja barua ya kwanza isiyosomwa ni ya ngapi kwenye foleni. Ikitaja 412, mwandishi wa programu asiye makini anadhani barua zisizosomwa ni 412, kumbe huenda ni hiyo moja tu. Toleo la mwaka 2021 liliiondoa kauli hiyo kabisa.

Ya mzee haikuwa hivyo. Fundi alimpa kompyuta aandike mwenyewe neno la siri, akageuza uso pembeni wakati anaandika, kisha akachuja zisizosomwa peke yake. Mbili zilikuwa majibu yaliyokunjwa ndani ya mazungumzo marefu ya mambo ya harusi. Mzee alikuwa akifungua ya juu na kuondoka. Ya tatu ilikuwa chini kabisa ya orodha, chini ya barua zote alizowahi kupokea, na tarehe yake ilikuwa 1 Januari 1970, saa tisa usiku.

Mzee alicheka. Mwaka ule barua zake zilikuwa za stempu.

Fundi alimweleza taratibu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za Greenwich. Barua ikija na tarehe iliyoharibika, programu nyingine huishika sifuri, na sifuri hiyo, kwa sisi tulio saa tatu mbele, ni saa tisa usiku. Barua ilifika juzi tu, ila ilipangwa na za zamani kuliko zote, mahali ambapo hakuna kidole kinachofika.

"Niifungue?" fundi akauliza.

"Hapana, nipe." Mzee akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la shati, akaigusa barua mwenyewe. Kiduara kikasoma 2, lakini wakati huo hakuna aliyekuwa akikiangalia. Alikuwa ameshaanza kusoma, midomo ikicheza, na fundi akavuta simu yangu taratibu ili asimkatishe.